Nimesoma uchumi, niko asasi ya wanawake, nataka ubunge: njia aliyopita Prof. Tibaijuka bado inapitika?

Koku_Mchumi:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nina miaka 31. Nilisoma uchumi wa kilimo SUA na sasa ni ofisa miradi kwenye asasi ndogo inayoshughulikia haki za ardhi za wanawake, wilaya ya Muleba. Kazi yangu ni vikundi: mafunzo, kuzunguka vijijini, kukaa na mabaraza ya ardhi ya kata, kuandika ripoti za wafadhili. Kila mwaka tunawafundisha akina mama sheria zile zile, halafu bajeti na kanuni zinapitishwa Dodoma na watu ambao wengi wao hawajawahi kuketi kwenye kikao cha ukoo kinachogawa kibanja cha marehemu huku mjane amekaa nje ya mlango.

Nimeanza kuufikiria ubunge, na siutanii. Nyumbani kila nikigusia naambiwa, "Mbona Profesa Anna Tibaijuka alitokea huko huko kwenye mambo ya wanawake?" Ila mkurugenzi wangu akisikia neno siasa anashtuka, anasema asasi itafutiwa usajili.

Naomba kuelewa mambo mawili. Njia yake ilikuwaje hasa, kutoka chuo na BAWATA (Baraza la Wanawake Tanzania) mpaka uwaziri? Na kwa mtu wa leo, kazi ya asasi inasaidia kuingia kwenye uongozi wa kitaifa au inakwamisha? Ningependa sana kusikia kwa mtu aliyeziona zile nyakati. Ushabiki wa vyama tuuweke pembeni jamani.

---

Mzawa_wa_Kashai:

Dada, chukua kadi ya chama, tafuta watu wa kukubeba, mengine yatajipa. Asasi haina kura. Wajumbe hawasomi ripoti za wafadhili.

---

BibiShamba_Mstaafu:

Marahaba mwanangu Koku.

Mimi nilikuwa bibi shamba huko huko kwenu, tarafa ya Kamachumu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi nilipostaafu. Sikufanya kazi na Profesa. Nilimsikiliza mikutanoni na nikasoma aliyoandika, kwa sababu aliandika juu ya mashamba niliyokuwa nayakagua mimi.

Watu wakimtaja wanaanzia Umoja wa Mataifa au kwenye uwaziri. Wewe uliyesoma uchumi anzia nyuma zaidi. Amezaliwa Kagabiro, hapo Muleba, mwaka 1950. Akasomea uchumi wa kilimo Sweden, Uppsala, mpaka udaktari, kisha akafundisha na kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wake kuhusu kaya za migomba na kahawa Kagera. Unajua kazi zinavyogawanywa kwetu. Kahawa ni ya baba. Ndizi ikigeuka rubisi, ile pombe ya ndizi, hela ni ya baba. Mama anapalilia, anapanda maharage katikati ya migomba, na njugu mawe analima kule rweya, kwenye nyika ya nyasi, ambako udongo umechoka. Kuna kazi mwanamume haigusi hata kama amekaa bure, na kuna kazi mwanamke haruhusiwi kuigusa hata kama anaiweza. Profesa aliuchukua mgawanyo huo akaupigia hesabu: kaya ikiacha kubaguana kazi, kwa ardhi ile ile na watu wale wale, kipato cha fedha kinaweza kupanda hadi asilimia 10, tija ya nguvukazi asilimia 15, na tija ya mtaji asilimia 44.

Hebu fikiria uzito wa jambo hilo. Mpaka hapo, mwanamke akilalamika kuhusu kazi za shamba anaambiwa anavunja mila. Akatokea mtoto wa Kagabiro akaonyesha kwamba mgawanyo ule unaitia hasara kaya nzima, baba akiwemo.

Nikueleze nilichokuwa nakiona mwenyewe ili usidhani zile ni namba za vitabuni. Msimu wa kahawa nilikuwa napita siku za kupima kwenye chama cha msingi cha kijiji kimoja. Mama amechuma, ameanika kwenye majamvi, ameanua mbio mvua ilipotanda, amechambua, na gunia la kahawa ya maganda amelibeba kichwani. Anafika kwenye mzani, karani hamtazami usoni, anauliza, "Jina la mwenye shamba?" Mama anataja jina la mume. Stakabadhi inaandikwa jina la mume, na siku ya malipo anakwenda mume. Na kama yule mume alishauza butura, kahawa ikiwa bado maua mtini, basi mama alikuwa anachuma mali ya mtu mwingine miezi yote ile na hakuna aliyemwambia. Nilimwona mmoja akiambiwa hivyo pale pale mzanini. Alikunja kitambaa alichokuwa amefutia jasho, akakaa juu ya gunia, na hakuna aliyemwinua mpaka karani alipotaka kufunga.

Profesa alitafiti pia kijijini kwao Kagabiro wakati UKIMWI ukituangamiza. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza nchini walikotambuliwa, 1983. Aliangalia uchumi wa kaya zilizokuwa zikizika watu wa nguvu. Kwa hiyo alipoingia kwenye harakati hakwenda na huruma peke yake, alikuwa na daftari la hesabu kutoka kijiji anachokijua kila mlango wake. Hilo wewe unalo tayari, au unaweza kulipata. Usiliache kwenye ripoti za wafadhili.

Sasa BAWATA. Vyama vingi vilirudi 1992, na UWT, Umoja wa Wanawake, ikiwa jumuiya ya CCM haikuweza tena kusema inawawakilisha wanawake wote. Mwaka 1994 UWT yenyewe ikaitisha mazungumzo ya kuunda baraza lisilofungamana na chama, na wanawake waliokutana wakalichukulia neno "lisilofungamana" kwa uzito wake wote. Profesa akachaguliwa mwenyekiti. Likasajiliwa 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, likaanza kuwaelimisha wapiga kura wanawake: dai maji, dai huduma za afya, muulize mgombea msimamo wake juu ya urithi wa ardhi, halafu ndipo uamue. Huku kwetu hilo la mwisho liliwasha moto, kwa sababu miaka mitano tu kabla, 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa ameamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake na ukoo ukampinga. Jaji akasema mila inayomkataza mwanamke kuuza kile ambacho mwanamume anaruhusiwa kuuza haipatani na Katiba. Wazee walikuwa bado wanalinung'unikia.

Asasi nyingi zina ofisi na gari. BAWATA ilikuwa na wanachama, na viongozi waliochaguliwa mikoani na wilayani. Nadhani hapo ndipo hofu ilipoanzia. Septemba 1996 serikali ikaisimamisha, ikidai inaendesha mambo kama chama cha siasa na kwamba haijawasilisha hesabu zake. Tarehe 30 Juni 1997 ikafutiwa usajili chini ya Sheria ya Vyama ya mwaka 1954, sheria ya mkoloni. Wakaenda Mahakama Kuu. Kesi ile wanasheria wanaisoma mpaka leo, lakini chombo chenyewe kilishapoozwa. Hofu ya mkurugenzi wako inatoka huko, mwanangu, usimwone mwoga.

Njia yake haikuwa ngazi ya kupanda kidato kwa kidato. Alifungiwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba nzima, akaja kuingilia mlango wa chama. Mwaka 1998 alikwenda UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, kushughulikia nchi maskini kabisa, zisizo na bahari na za visiwa. Mwaka 2000 Kofi Annan akamteua kuongoza shirika la makazi pale Nairobi. Lilikuwa kituo kilichodorora, na 2002 likapandishwa hadhi kuwa programu kamili ya Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, naye akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuchaguliwa na Baraza Kuu kuongoza programu ya ngazi hiyo. Mwaka 2005 alitumwa Zimbabwe baada ya bomoabomoa ya Murambatsvina, na ripoti yake ikasema watu wapatao 700,000 wamepoteza nyumba, au riziki, au vyote viwili. Kwa Mtanzania kuandika hivyo kuhusu serikali ya Mugabe, rafiki wa zamani wa ukombozi, si jambo dogo. Mimi nilipoisikia redioni nilimkumbuka yule wa BAWATA.

Kisha 2010 akarudi, akagombea Muleba Kusini kwa tiketi ya CCM, akashinda, na Rais Kikwete akampa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Mwanamke ambaye baraza lake lilifutwa chini ya serikali ya chama hicho miaka 13 nyuma. Wengine walimwita msaliti. Mimi sikubaliani nao. Nchi hii haina mgombea binafsi. Ukitaka kuandika sheria ya ardhi na si kuilalamikia tu, lazima upite kwenye chama, na yeye alichagua chama chenye wizara.

Kwa hiyo jibu langu: asasi ilimpa hoja na ikampa watu. Haikumpa njia. Bwana wa Kashai anasema asasi haina kura, lakini hebu amuulize mgombea yeyote aliyewahi kupigiwa kampeni na vikundi vya akina mama wa kata.

---

Njugumawe:

Mama, shikamoo, umesimulia vizuri mno. Ila umeishia 2010. Mwaka 2014 ulikuwaje? Huyu dada akifuata njia hiyo aambiwe na ilikoishia. Escrow haikuwa jambo la kupita kimya.

---

BibiShamba_Mstaafu:

Marahaba. Nilikuwa nalifikia, na ni vizuri umeliuliza wewe kijana, kwa sababu hapo ndipo mtu wa asasi anapaswa kusoma kwa makini kuliko mahali pengine pote.

Profesa alianzisha shule ya wasichana ya Barbro Johansson, iko Luguruni, Kibamba, kwenye barabara ya Morogoro. Imepewa jina la yule mama wa Kiswidi aliyekuja Bukoba 1946 na misheni ya Kilutheri, akajenga elimu ya wasichana kule Kashasha, na baadaye akakaa bungeni wakati wa Mwalimu. Nyanya zenu walifundishwa kusoma na watu wake. Shule ni kazi halisi, ipo, na wasichana wanafaulu.

Kwenye sakata la Tegeta Escrow, zile fedha za mgogoro wa umeme wa IPTL zilizotolewa Benki Kuu, ikajulikana kwamba shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa James Rugemalira wa VIP Engineering ziliingia kwenye akaunti ya Profesa katika benki ya Mkombozi. Yeye alieleza kwamba ni mchango kwa ajili ya shule na hakuona kosa la kumfanya ajiuzulu. Tarehe 22 Desemba 2014 Rais Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akatangaza kumwondoa kwenye uwaziri. Muleba Kusini wakamrudisha bungeni 2015, akatumikia mpaka 2020 akapumzika.

Mimi nimekaa na vikundi vya akina mama maisha yangu yote na naliona jambo hili hivi. Kwenye asasi zetu fedha hupitia kwa mtu kwa sababu mtu ndiye anayeaminiwa. Mfadhili anamjua mama fulani, hajui katiba ya kikundi. Mhazini hayupo, basi weka kwako mama, tutazitoa Jumatatu. Mnalizoea hilo mkiwa kwenye kikundi cha watu 30 na hakuna anayeumia. Ukishakuwa waziri, jambo lile lile linaitwa jina lingine, na maelezo yako hata yawe ya kweli namna gani hayatazidi ile namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya benki, yenye jina lako juu yake.

Koku, kama una hela yoyote ya kikundi kwenye simu yako hivi sasa, hata shilingi elfu hamsini, ihamishe leo usiku kabla hujalala. Nasema kwa moyo wote. Uwe na akaunti ya asasi, watia saini watatu, na wewe usiwe mmoja wao siku utakapotangaza nia.

---

Wakili_Nyakato:

Niongeze upande wa sheria maana naona watu wanachanganya.

Kuna milango miwili. Jimbo, na viti maalum. Katiba ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wengine wote, na vinagawiwa kwa vyama kulingana na kura za ubunge, kwa chama kilichopata angalau asilimia 5. Kwa mlango wowote lazima uwe mwanachama wa chama na upendekezwe nacho, ibara ya 67 iko wazi. Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba kuzuia mgombea binafsi kunakiuka haki, lakini sheria yetu haijabadilika. Na ukikiacha chama, au kikikufukuza, kiti kimekwenda.

Kwa CCM, UWT huwa na makundi maalum kwenye viti hivyo: asasi za kiraia, vyuo vikuu, wafanyakazi, wenye ulemavu. Neema Lugangira wa huko huko Kagera aliingia bungeni 2020 kupitia kundi la asasi. Na kwa walio na dharau na viti maalum, Rais Samia mwenyewe alianzia huko, Baraza la Wawakilishi, mwaka 2000, baadaye akaenda jimboni Makunduchi 2010. Yeye pia alipita darasa la uchumi, Manchester, na mradi wa Mpango wa Chakula Duniani, kabla ya siasa.

Kuhusu mkurugenzi: Sheria ya NGO ya 2002 haikukatazi wewe, raia, kuwa na kadi wala kugombea. Inachokataza ni asasi kufanya kazi ya chama. Mpaka uko kati ya mtu na chombo. Usivae fulana ya mradi kwenye mkutano wa chama, usitumie gari la mradi, usifanye semina ya mradi ukamalizia kwa kuomba kura. Mambo hayo madogo ndiyo yanayoipeleka asasi kwa msajili.

---

Koku_Mchumi:

Asanteni sana wote. Mama, nimekusoma mara kadhaa, na hela ya kikundi nimeshaihamisha, ilikuwapo kweli.

Swali moja limebaki. Wakili amenitajia kundi la asasi kwenye viti maalum, na kwa hali yangu ndio mlango wa karibu: sina fedha za kampeni ya jimbo zima, sina mume mwenye jina. Lakini naogopa nikiingia kwa kundi, nitakuwa nawajibika kwa wapiga kura wachache wa jumuiya na si kwa yule mama wa rweya. Nifanyeje?

---

BibiShamba_Mstaafu:

Hofu yako ni ya haki na nimefurahi umeiona mapema. Wengi huiona wakishaapa.

Mimi ningekuwa wewe nisingeanza na kiti chochote cha Dodoma. Ningegombea udiwani kwanza, wa kata, si wa viti maalum. Najua wasomi wanaudharau. Lakini halmashauri ndiko bajeti ya wilaya inakojadiliwa kifungu kwa kifungu, ushuru wa kahawa upo pale, ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu ipo pale, na mchumi anayejua kusoma jedwali kwenye kikao cha madiwani anaogopwa kuliko anavyoogopwa bungeni, ambako wako wengi. Halafu anayekuchagua ni yule mama wa rweya kwa kura yake mwenyewe, na anajua unakoishi. Ukishindwa, umeshindwa mbele ya watu wako na unaweza kurudi kuwauliza kwa nini.

Profesa alikwenda jimboni akiwa na jina la dunia nzima nyuma yake. Wewe huna, na sioni sababu ya kulisubiri.

Mkurugenzi mwandikie barua ya kumjulisha nia yako kabla hajaisikia kwa mtu mwingine, na mkubaliane tarehe ya wewe kuacha kazi. Kadi ichukue tawini kwenu ulikozaliwa, usiichukulie mjini. Kisha kaa kwenye vikao vya tawi, vyote, hata vile vya kujadili benchi lililovunjika. Usiseme sana miezi ya mwanzo. Na daftari lako la vijiji endelea kuliandika: nani anachuma, nani anapima, nani anapokea hela. Siku ukisimama kuomba kura, soma kutoka humo, taja kijiji bila kutaja mtu, uone watu watakavyonyamaza kukusikiliza.

Ukija Kamachumu siku ya gulio niulizie, watakuonyesha. Njoo na yale majedwali ya bajeti ya halmashauri ya mwaka huu, nataka kuona ushuru wa kahawa wameupeleka wapi.